Brandeis: Wakili Aliyeugeukia Ukiritimba Alioutetea

Jina la Louis Dembitz Brandeis hutajwa katika vitabu vya historia ya Marekani kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mnamo mwaka wa 1916 alikuwa Myahudi wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Ya pili ni kwamba mwaka wa 1890 yeye na mwenzake Samuel Warren waliandika makala katika jarida la sheria la Chuo Kikuu cha Harvard, wakidai kwamba kila mtu ana haki ya kuachiwa faragha yake, na makala hayo yangali yanasomeshwa hadi leo. Yote mawili yanastahili kukumbukwa. Lakini naona kwamba sehemu ya maisha yake inayomfaa zaidi mwanafunzi, hasa yule anayetamani kuvaa joho la uwakili, ni ile isiyosimuliwa mara nyingi, nayo ni kisa cha mashine za kutengenezea viatu.

Katika kisa hicho mna maswali mawili mazito. Je, wakili aliyekula mezani pa mteja wake anaweza kusimama baadaye na kumshambulia hadharani? Na je, hataza, yaani ile hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwa yeye peke yake mwenye kutengeneza na kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu, mipaka yake ni ipi?

Brandeis alizaliwa tarehe 13 Novemba 1856 mjini Louisville, jimbo la Kentucky. Wazazi wake walikuwa wamehamia Marekani kutoka Prague baada ya machafuko ya mwaka wa 1848. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nafaka, na biashara ilipodorora familia ikarudi Ulaya kwa muda, kijana akapata kusoma katika shule ya Dresden, Ujerumani. Mjomba wake, Lewis Dembitz, alikuwa wakili msomi, na kijana huyu alimstahi kiasi cha kulichukua jina la ukoo huo liwe jina lake la kati. Mwaka wa 1875 aliingia Chuo cha Sheria cha Harvard bila ya kuwa na shahada nyingine yoyote, na mwaka wa 1877, akiwa hajatimiza umri wa miaka 21, alihitimu akiwa wa kwanza. Alifaulu hivyo ilhali macho yake yalimsumbua, ikawa baadhi ya masomo hana budi kusomewa na wenzake huku yeye akiyahifadhi kichwani. Baada ya kufanya kazi kwa muda mfupi mjini St. Louis, alirudi Boston mwaka wa 1879 na kufungua ofisi pamoja na Warren.

Hapo Boston ndipo alipojitengenezea namna yake ya uwakili. Mawakili wengi wa zama hizo walijua sheria na kuridhika nayo. Brandeis alitaka kuijua biashara ya mteja wake kuliko mteja mwenyewe. Alipokabidhiwa kesi ya karatasi, alijifunza jinsi karatasi inavyotengenezwa. Alipokabidhiwa ya ngozi, alitaka kujua bei ya ngozi mbichi, mshahara wa mfanyakazi na msimu wa mauzo. Wenye viwanda wakamiminika ofisini mwake, na kabla hajawa jaji alikuwa tayari milionea. Hata hivyo aliishi maisha ya kujinyima, na alipojitolea kuzipigania kesi za umma bila malipo, aliilipa ofisi yake mwenyewe fidia ya saa alizozitumia huko. Sijui ni mawakili wangapi, kwao ama kwetu, ambao wangefanya vivyo hivyo.

Massachusetts ya wakati huo ilikuwa nchi ya viatu. Mji wa Lynn, usio mbali na Boston, uliishi kwa viatu kama vile miji mingine inavyoishi kwa samaki au kahawa. Kazi iliyokuwa ngumu kuliko zote ni ile ya kuivuta ngozi juu ya kalibu ya mguu na kuikunja vizuri chini ili ishikamane na soli. Kazi hiyo ilifanywa kwa mkono na mafundi wachache waliojivuna kwamba hakuna chuma kitakachoweza kuwaiga. Aliyewakosoa ni Jan Matzeliger, kijana mweusi aliyezaliwa Paramaribo nchini Suriname mwaka wa 1852, akafika Lynn kutafuta kazi bila kujua Kiingereza vizuri. Alijifundisha uchoraji wa mitambo usiku, akajinyima chakula ili anunue vyuma, na tarehe 20 Machi 1883 akapewa hataza ya mashine iliyoifanya kazi ile. Fundi hodari alimaliza jozi 50 hivi kwa siku, ilhali mashine iliweza kumaliza mamia. Matzeliger alifariki kwa kifua kikuu mwaka wa 1889, kabla ya kutimiza miaka 37. Hataza yake ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa kampuni.

Mnamo mwaka wa 1899 kampuni kubwa za mashine za viatu, pamoja na ile iliyokuwa imeurithi uvumbuzi wa Matzeliger, ziliungana na kuwa kampuni moja iliyoitwa United Shoe Machinery. Kampuni hiyo haikuuza mashine zake zilizo muhimu. Ilizikodisha. Mwenye kiwanda alilipa mrabaha kwa kila jozi ya viatu iliyopita mashineni, na kampuni ikaleta mafundi wa kuzitengeneza zilipoharibika. Mpaka hapo msomaji atasema kwamba mpango ni mzuri, na kwa kweli ulikuwa na uzuri wake. Maskini asiye na mtaji wa kununua mitambo aliweza kuanzisha kiwanda, na mwenye kiwanda kidogo alitozwa kiwango kile kile alichotozwa tajiri.

Sumu ilikuwa katika masharti. Mwenye kiwanda aliyekodi mashine kuu za kampuni hii alikatazwa kuzitumia kwa viatu vilivyopitia mashine za mshindani katika hatua nyingine za kazi. Kwa maneno mengine, aliyetaka moja alilazimika kuzichukua zote. Mikataba yenyewe ilidumu miaka 17, muda ule ule wa hataza ya Marekani siku hizo. Tena kila mashine mpya ilipokodiwa, mkataba mpya wa miaka 17 ulianza. Hivyo basi hataza ya zamani ikifa, mteja alibaki amefungwa na mkataba wa mashine nyingine, na huyo akifunguliwa mguu mmoja, wa pili umo pingani. Mvumbuzi mpya aliyebuni mashine bora ya kazi moja tu hakuwa na pa kuiuza, kwa sababu hakuna mwenye kiwanda aliyethubutu kuikubali akapoteza zote nyingine. Sheria ilimwekea mvumbuzi uzio wa muda uzunguke shamba lake, naye akautumia kulifunga bonde zima.

Brandeis alikuwa ndani ya nyumba hiyo. Wateja wake walikuwa na hisa katika kampuni zilizoungana, yeye mwenyewe alikuwa na hisa chache, na tangu mwaka wa 1899 aliketi katika baraza la wakurugenzi na kuishauri kampuni kisheria. Mwaka wa 1906 bunge la jimbo la Massachusetts lilipoletewa mswada wa kuyapiga marufuku masharti yale, aliyekwenda kuupinga kwa niaba ya kampuni ni Brandeis. Alieleza faida za kukodisha, akasifu usawa wa bei baina ya wakubwa na wadogo. Mswada ukashindwa.

Baada ya hapo akaanza kusumbuka. Baadhi ya wateja wake wa siku nyingi walikuwa watengenezaji wa viatu, nao walimweleza jinsi masharti yalivyowabana. Aliiomba kampuni iyalegeze, ikakataa. Mwezi wa Desemba 1906 akajiuzulu ukurugenzi, na mwaka uliofuata akaacha pia kuwa wakili wake. Mwaka huo huo wa 1907 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kuyakataza masharti, lakini kampuni ilipata njia ya kuikwepa. Brandeis alinyamaza kwa muda wa miaka mitatu hivi.

Kilichomtoa kimya ni mambo ya mwaka wa 1910. Mwenye kiwanda mmoja wa Boston, Thomas Plant, alikuwa ametumia mali yake kuunda mfululizo mzima wa mashine zake mwenyewe ili ajikomboe. Alipohitaji mikopo, milango ya mabenki ilifungwa mbele yake, na hatimaye alilazimika kuziuza mashine na hataza zake kwa United Shoe yenyewe. Brandeis aliona hapo kwamba tatizo limepita mipaka ya mikataba. Fedha, hataza na mikataba vilikuwa vimeshikana mikono. Akakubali kuwashauri watengenezaji wa viatu wa magharibi waliokuwa wakipinga kampuni, na mwaka wa 1911 alitoa ushahidi mbele ya kamati ya Seneti akaishambulia kampuni aliyokuwa ameitetea miaka mitano kabla. Mwaka huo serikali nayo ikafungua mashtaka.

Hoja yake inastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu wengi huipotosha. Brandeis hakuzichukia hataza. Alikubali kwamba mvumbuzi akipewa ulinzi wa muda, umma hupata faida ya kufichuliwa siri na kuletewa vitu vipya. Alichokataa ni ukiritimba wa kitu kimoja kugeuzwa ngazi ya kupandia kwenye ukiritimba wa kitu cha pili ambacho hakuna aliyekivumbua. Fauka ya hayo, aliamini kwamba kampuni iliyokwisha kujihakikishia soko hulala usingizi, na kwamba hasara ya kwanza ya ukiritimba huwapata wavumbuzi wenyewe. Akina Matzeliger wa kesho hawatapata pa kugonga hodi.

Mahakama hazikuwa upande wake. Mwezi wa Machi 1912 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya kampuni ya A. B. Dick, iliyotengeneza mashine ya kurudufishia karatasi, jamaa ya ile saiklostaili ambayo walimu wetu wengi waliitumia kuchapia mitihani wakachafuka wino mpaka viwikoni. Kampuni hiyo iliuza mashine kwa sharti kwamba mnunuzi atumie wino wake tu. Mtu mmoja akamuuzia mwenye mashine wino mwingine, akashtakiwa kwa kuvunja hataza. Majaji wanne dhidi ya watatu walikubaliana na kampuni, ingawa wino wenyewe haukuwa na hataza yoyote.

Miezi michache baadaye, mwezi wa Agosti, Brandeis alikutana kwa mara ya kwanza na Woodrow Wilson, aliyekuwa akiwania urais, na akawa mshauri wake katika mambo ya ukiritimba. Wilson aliposhinda, Bunge la Marekani lilipitisha mwaka wa 1914 sheria iitwayo Clayton, ambayo kifungu chake cha tatu kilikataza kuuza au kukodisha bidhaa kwa sharti la kutotumia bidhaa za mshindani, endapo sharti hilo lingedhoofisha ushindani. Nayo ikataja waziwazi kwamba katazo hilo linahusu bidhaa zenye hataza na zisizo nayo. Sheria hiyo ilikuwa jibu kwa hukumu ya wino na kwa mikataba ya viatu.

Tarehe 28 Januari 1916 Wilson alimteua Brandeis kuwa jaji, na nchi ikatikisika. Vita vya kumpinga vilidumu zaidi ya miezi minne. Waliokuwa marais saba wa chama cha mawakili wa Marekani, akiwamo William Howard Taft aliyewahi kuwa rais wa nchi, walitamka kwamba hafai. Chuki dhidi ya Wayahudi ilikuwamo, ingawa ilivaa nguo za heshima na kujiita wasiwasi wa kitaaluma. Sidney Winslow, rais wa United Shoe, alikuja mbele ya kamati na kumshtaki kwamba alikuwa msaliti aliyeuza mteja wake. Brandeis mwenyewe hakufika mbele ya kamati, kwa kuwa desturi ya wakati huo haikuruhusu. Alibaki nyuma akiwapa watetezi wake nyaraka na tarehe, kama wakili anayeandaa kesi ya mtu mwingine. Maprofesa tisa kati ya kumi na mmoja wa Chuo cha Sheria cha Harvard walimuunga mkono. Mnamo tarehe 1 Juni Seneti ilimthibitisha kwa kura 47 dhidi ya 22.

Je, Winslow alikuwa na haki? Swali hili lisipitwe juu juu. Watetezi wa Brandeis walisema kwamba hakufichua siri yoyote, kwa vile mikataba ile ilijulikana na kila mwenye kiwanda aliyeitia sahihi. Tena alijaribu kwanza kuirekebisha kampuni kutoka ndani, akaondoka aliposhindwa, akakaa kimya muda mrefu. Hayo yote ni kweli. Lakini ni kweli vilevile kwamba aliwashauri wapinzani wa mteja wake wa zamani katika jambo lile lile alilolishughulikia, na kanuni za mawakili za siku hizi huenda zingemfunga mikono. Kwa maoni yangu, alikuwa na haki ya kusema kama raia. Pale alipokuwa mshauri wa upande wa pili ndipo ninaposita. Neno letu wakili lina maana ya mtu aliyewekewa amana, na amana haimaliziki siku ile mshahara unapokoma. Walakini, wale waliomshutumu hawakuwa na neno la kusema juu ya mawakili waliotumikia ukiritimba maisha yao yote bila kuuliza swali hata moja.

Alipoketi mahakamani alijihukumu kwa ukali kuliko adui zake. Kesi ya serikali dhidi ya United Shoe ilipofika Mahakama ya Juu mwaka wa 1918, Brandeis alijitoa asiisikilize. Jaji McReynolds, aliyekuwa amewahi kuwa mwanasheria mkuu wa serikali, alijitoa pia. Kampuni ikashinda kwa kura nne dhidi ya tatu. Mwaka wa 1922 kesi nyingine ikaja, safari hii chini ya sheria ya Clayton, naye akajitoa tena. Masharti ya kufungamanisha mashine yakatupwa nje. Hivyo ushindi ule alioutafuta kwa miaka mingi ulipatikana wakati yeye hana kura.

Katika kesi nyingine mkono wake ulionekana. Mwaka wa 1917 alikuwa miongoni mwa majaji waliofuta ile hukumu ya wino, katika shauri la mashine za sinema; rafiki yake mkubwa, Jaji Oliver Wendell Holmes, alikuwa upande wa pili. Mwaka wa 1931 aliandika hukumu ya kesi ya Carbice, ambayo ningependa kila mwalimu wa biashara aifundishe kwa wepesi wake. Kampuni moja ilikuwa na hataza ya kisanduku cha kusafirishia aiskrimu, chenye barafu kavu katikati na aiskrimu kandokando. Haikuuza visanduku. Iliuza barafu kavu, ikidai kwamba anayetumia kisanduku sharti anunue barafu kwake. Brandeis alieleza kwamba barafu kavu ni kitu cha kawaida kisicho na hataza, na mwenye hataza ya kisanduku hawezi kumshtaki muuzaji mwingine wa barafu, kwa maana angejipatia ukiritimba ambao serikali haikumpa.

Mtu asidhani kwamba kila mwenye hataza alitoka mbele yake akilia. Mwaka huo huo aliandika hukumu iliyozipa ushindi kampuni za mafuta, zilizokuwa zimeruhusiana kutumia hataza za kuyavunja mafuta mazito yatoe petroli zaidi. Aliangalia takwimu, akaona kwamba petroli ya namna hiyo ilikuwa kama robo tu ya petroli yote, na kwamba ushindani ulikuwa ungali hai. Mwaka wa 1938, akiwa na umri wa miaka 82, aliandika hukumu katika kesi ya Kellogg kuhusu biskuti za nyuzi za ngano zinazoliwa asubuhi na maziwa. Hataza ya chakula hicho ilikuwa imekufa mwaka wa 1912, lakini kampuni iliyoirithi ilitaka kumzuia Kellogg asitumie jina wala umbo la biskuti hizo. Brandeis alisema la. Hataza ikishakufa, kitu na jina ambalo watu wote wanakijulia huwa mali ya umma, mradi muuzaji mpya asimdanganye mnunuzi kwamba ni mali ya yule wa zamani.

Alistaafu mwezi wa Februari 1939, akafariki mjini Washington tarehe 5 Oktoba 1941. Majivu yake yalizikwa chini ya baraza ya chuo cha sheria cha Louisville, mji aliozaliwa. United Shoe ilikuwa ingali imesimama, na ingali ikikodisha. Serikali ilirudi mahakamani mwaka wa 1947, na mwaka wa 1953 Jaji Charles Wyzanski wa Boston aliamua kwamba kampuni hiyo ilikuwa imelihodhi soko kinyume cha sheria. Aliamuru kwamba mkataba wa kukodisha usizidi miaka mitano, na kwamba mwenye kiwanda anayetaka kuinunua mashine auziwe.